Magofu ya Karthago na Deni Letu kwa Makatekista

Padri anapoadhimisha Misa kwa Kanuni ya Kirumi hufika mahali pa orodha ya watakatifu, na katika orodha hiyo wamo wanawake wawili wa Afrika, Felisita na Perpetua. Majina hayo nimeyasikia tangu utotoni katika kigango chetu mkoani Tabora, ambako babu yangu mzaa baba alikuwa katekista. Shangazi yangu mkubwa alibatizwa Perpetua, na kila tarehe 7 Machi, sikukuu ya somo wake, babu alitukusanya jioni akatusimulia habari za mama huyo kijana wa Karthago aliyekuwa bado ananyonyesha siku alipokamatwa. Babu hakuwahi kuiona bahari, lakini alisimulia kana kwamba Karthago ilikuwa kijiji cha jirani.

Ndiyo maana ofisi iliponituma Tunis kwa mkutano wa kikazi, nilijua kabla ya kufunga mizigo ni wapi ningekwenda siku ya mapumziko. Nilifuatana na mwenzetu wa mkutano, mtu wa Unguja, aliyesoma Kiarabu tangu chuoni na ambaye sote tulimwita Maalim. Yeye alitaka kuswali alasiri katika msikiti mkubwa wa Karthago, nami nilitaka kuona makanisa. Tukapanda treni ndogo ya TGM kutoka kituo cha Tunis Marine. Treni hiyo ilipita juu ya tuta linalolikata ziwa la Tunis, ikafika La Goulette, kisha ikaanza kusimama kwenye vituo vyenye majina ya vitabu vya historia: Salammbo, Byrsa, Hannibal. Karthago ya leo ni kitongoji cha watu wenye nafasi, nyumba nyeupe zenye milango ya buluu na kuta zilizofunikwa na maua, na katikati ya nyumba hizo yametawanyika mawe ya mji uliowahi kuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola ya Roma.

Tulianzia kwenye uwanja wa michezo ya Warumi, mahali ambapo mapokeo yanasema Perpetua na wenzake waliuawa tarehe 7 Machi 203. Kilichobaki ni duara la udongo na misingi, kwa kuwa mawe yake yalichukuliwa karne nyingi zilizopita kujengea kwingine. Papa Yohane Paulo II alifika hapa kusali mwezi Aprili 1996. Nilisimama nikamweleza Maalim habari niliyoipokea kwa babu. Perpetua alikuwa na umri wa miaka 22 hivi, binti wa familia yenye hadhi, na baba yake alikwenda gerezani kumsihi aikane imani kwa ajili ya mtoto wake. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito wa miezi minane. Alijifungua gerezani mtoto wa kike, na mwanamke mmoja Mkristo akamchukua kumlea. Perpetua mwenyewe aliandika siku zake za gerezani, na maandishi hayo ni miongoni mwa yale ya kale zaidi tuliyo nayo kutoka kwa mwanamke Mkristo.

Maalim alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Dada, na huyo aliyewafundisha dini alikuwa wapi siku walipokamatwa?"

Swali lake lilinigusa, kwa sababu ndilo babu alilopenda kulijibu kuliko yote. Hao waliokamatwa walikuwa wakatekumeni, yaani watu waliokuwa bado katika mafundisho, na walibatizwa baada ya kutiwa mbaroni. Mwalimu wao aliitwa Saturus. Hakuwapo walipokamatwa, na angeweza kujificha, lakini alipopata habari alijitoa mwenyewe ili afungwe pamoja nao, na akafa pamoja nao. Babu akifika hapo alikuwa akijinyoosha kitini. Alimwona Saturus kuwa katekista mwenzake.

Baadaye tulichukua teksi hadi upande wa kaskazini wa mji wa kale. Msikiti wa Malik ibn Anas, uliofunguliwa mwaka 2003, unasimama juu ya kilima na mnara wake huonekana kutoka mbali. Maalim akaenda kuswali. Mimi nikaenda kwenye magofu ya kanisa liitwalo Damous el Karita, ambalo liko jirani na hapo, nje ya ukuta wa kale, kwa kuwa lilijengwa makaburini.

Anayetarajia kuta na paa hatavikuta. Utaona uwanda wenye nyasi, na juu yake safu kwa safu za vishina vya nguzo, vingine vya kimo cha mtoto, vingine vya kimo cha mtu mzima. Unapoanza kutembea kati yake ndipo ukubwa wenyewe unapokuingia akilini. Jengo lilikuwa na urefu wa karibu mita 65 na upana wa mita 45, na ndani yake waumini walipita katika njia tisa zilizotenganishwa na nguzo. Ubavuni kuna ua ulioelekea mahali pa kuwaheshimu mashahidi wa imani, na upande wa pili ngazi zinashuka hadi jengo la mviringo lililochimbiwa chini ya ardhi, ambako mahujaji waliteremka kusali. Kanisa lilianza katika karne ya 4. Lilipanuliwa na kupambwa upya katika karne ya 6, baada ya jeshi la Konstantinopoli kuutwaa mji kutoka kwa Wavandali mwaka 533.

Nilikwenda hadi mahali palipokuwa na altare nikakaa juu ya jiwe. Jua lilikuwa kali, upepo wa bahari ukivuma, na nilikuwa peke yangu. Niliwaza kwamba kanisa hili lilikuwa moja tu kati ya mengi. Liko kanisa ambalo mwaka 1907 vilipatikana ndani yake vipande vya jiwe lenye majina ya Perpetua, Felisita na wenzao. Liko lingine juu ya mwamba ufukweni, ambalo wengi wanalihusisha na Askofu Sipriani, aliyekatwa kichwa hapa mwaka 258. Augustino alihubiri mara nyingi katika mji huu. Tertuliani aliishi hapa, akaandika kwa Kilatini wakati Wakristo wa Roma yenyewe bado walitumia zaidi Kigiriki. Mwaka 411, maaskofu zaidi ya 550 wa Afrika walikutana Karthago katika mkutano mmoja. Leo nchi nzima ya Tanzania haina hata sehemu ya kumi ya maaskofu Wakatoliki kama hao.

Kisha Kanisa hilo la Afrika Kaskazini lilitoweka. Linabaki swali moja zito kwa kila Mkristo wa Afrika anayekaa juu ya jiwe lile: lilikufaje?

Jibu la haraka tulilozoea kusikia ni kwamba Waarabu walifika mwaka 698 wakauteka mji, na hapo hadithi ikaisha. Mambo hayakuwa hivyo. Ukristo uliendelea katika Afrika Kaskazini kwa zaidi ya miaka mia tatu chini ya watawala Waislamu. Mwaka 1053 Papa Leo IX aliandika kwa masikitiko kwamba Afrika nzima imebaki na maaskofu watano. Mwaka 1076 Papa Gregori VII alisikitika kuwa hawapatikani hata watatu, idadi inayotakiwa ili kumweka wakfu askofu mpya. Kanisa hilo lilidhoofika taratibu, kizazi baada ya kizazi, wakati Wakristo wa Misri, waliokuwa chini ya utawala wa namna hiyohiyo, wapo mpaka leo kwa mamilioni.

Maradhi yake yalianza ndani, tena mapema. Baada ya mateso ya Kaisari Diokletiani mwanzoni mwa karne ya 4, Wakristo wa Afrika waligawanyika juu ya viongozi waliodaiwa kuwa walisalimisha Maandiko kwa askari. Upande mmoja, uliokuja kuitwa Wadonati, ulisema sakramenti za viongozi wa namna hiyo si kitu. Mfarakano huo ulidumu zaidi ya karne moja. Mkutano ule wa 411 ulikuwa wa kuhukumu ugomvi: maaskofu wa pande mbili waliokaribiana kwa idadi, miji mingi ikiwa na maaskofu wawili, altare mbili na waumini waliokataa kusalimiana. Kila upande ulijenga makanisa yake. Kisha serikali ikatumia nguvu kuwarudisha Wadonati, na vidonda havikupona. Mwaka 439 Wavandali wakaiteka Karthago, nao wakiwa wafuasi wa mafundisho ya Ario wakawafukuza maaskofu Wakatoliki na kuyachukua makanisa.

Ugonjwa wa pili ulikuwa wa lugha. Kanisa la Karthago lilisali, likahubiri na kuandika kwa Kilatini, lugha ya mjini na ya serikali. Mashambani watu walizungumza Kipuniki, na milimani lugha za Waberberi. Augustino aliliona tatizo hilo. Alipohitaji askofu wa mji mdogo wa Fussala, alihangaika kumtafuta mtu anayejua Kipuniki. Lakini hakuna tafsiri ya Biblia ya Kipuniki wala ya Kiberberi iliyotufikia. Wamisri walikuwa na Maandiko kwa Kikopti, na Waethiopia kwa Kige'ez. Wenye uwezo walipovuka bahari kukimbilia Italia na kwingineko, Kilatini kiliondoka nao, na mtu wa kijijini akabaki bila kitabu wala mwalimu wa kumfundisha kwa lugha ya mama yake.

Nakiri kwamba wanahistoria wanapima sababu hizi kwa uzito tofauti, na zipo nyingine. Ila jambo moja liko wazi kwa macho: ukubwa wa kanisa haukusaidia kitu. Damous el Karita lilipanuliwa likawa fahari ya mji katika karne ya 6, na kufikia mwisho wa karne ya 7 utawala ulioligharimia ulikuwa umeondoka. Mawe na nguzo za Karthago ziko katika misikiti ya zamani ya Tunis na Kairouan, na zimetunzwa vizuri kuliko zilizobaki hapa.

Maalim alirudi akanikuta nimekaa palepale. Nikamweleza niliyokuwa nawaza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Dada, kwetu pia tunaambiwa msikiti huanza kubomoka pale mtoto anapokosa mwalimu wa kumsomesha juzuu. Ukuta huanguka baadaye." Nilikubaliana naye, na tangu siku hiyo sijaona namna bora ya kulisema jambo hili.

Kabla jua halijatua tulipanda kilima cha Byrsa. Juu yake liko kanisa kuu la Mtakatifu Ludoviko, lililojengwa kati ya 1884 na 1890 na Kardinali Charles Lavigerie. Tangu 1964, kwa makubaliano kati ya Vatikani na Tunisia, si kanisa tena. Hutumika kwa maonyesho na muziki. Hapo ndipo niliposhikwa na hisia nisiyoitarajia, kwa sababu mtu aliyelijenga kanisa hilo ndiye aliyewatuma wamisionari walioleta imani kwa babu zangu.

Lavigerie aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, huko Algiers mwaka 1868. Mmoja wao, Padri Alfred-Louis Delattre, alipangiwa Karthago, na mwaka 1878 akaanza kuyafukua magofu ya Damous el Karita, akaokota maelfu ya vipande vya mawe yenye maandishi ya makaburi ya Wakristo wa kale. Mwaka huohuo wa 1878, ndugu zake katika shirika walishuka Unguja, wakavuka hadi Bagamoyo na mwezi Juni wakaanza safari ya kwenda bara. Padri Pascal, kiongozi wa kundi la Tanganyika, alifia njiani. Waliobaki walifika Tabora, wakagawanyika, wengine wakaelekea Ujiji na wengine Ziwa Viktoria. Padri Lourdel na Bruda Amans walifika Buganda Februari 1879. Shirika moja, mwaka mmoja, lilikuwa na jembe katika kaburi la Kanisa la Afrika na mbegu mkononi kwa ajili ya Afrika nyingine.

Na Lavigerie hakuyatazama magofu yale kwa huzuni tu. Alijifunza kwayo. Aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha za watu haraka na wazitumie hata wao kwa wao. Alirudisha utaratibu wa Kanisa la kale wa kuwaandaa wakatekumeni kwa muda mrefu, akaweka miaka minne kabla ya ubatizo, ingawa wengi walilalamika kwamba ni mirefu mno. Na alisisitiza kwamba Waafrika watafikishiwa imani na Waafrika wenzao.

Matunda yake tunayajua. Kuanzia mwishoni mwa 1882 hadi 1885, Mapadre Weupe waliondoka Buganda kwa hofu ya usalama wakahamia kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza. Kwa muda wote huo hapakuwa na padri, na waamini wakaongezeka. Walifundishwa na walei kama Yosefu Mukasa na Matiya Kalemba, kwa Kiganda. Mateso yalipokuja mwaka 1886, Karoli Lwanga ndiye aliyewabatiza vijana waliokuwa bado katika mafundisho, usiku, kabla ya safari ya kwenda kuuawa Namugongo. Mlei kijana alifanya kazi ileile ya Saturus. Papa Paulo VI alipowatangaza mashahidi hao wa Uganda kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja pamoja na mashahidi wa Afrika ya kale, na wa Karthago wakiwamo.

Upande wetu tuna Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali leo, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria. Lavigerie alimpeleka Malta kusomea uganga pamoja na vijana wengine Waafrika waliokombolewa utumwani. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Alioa huko, akatibu, akafundisha, na hakuondoka mpaka alipofariki mwaka 1956. Huko Sumbawanga iko hospitali yenye jina lake. Nilipomtaja Atiman pale juu Byrsa, Maalim alishangaa kwamba mtu aliyekombolewa utumwani ukingoni mwa Sahara aliipita Bahari ya Kati ili aje awatibu Wafipa na Wabende.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya parokia yetu kwa muda mrefu. Ninajua bei ya nondo, saruji na vigae, na sina ugomvi na kanisa zuri. Watu wanastahili mahali pa heshima pa kusalia, na nimeona mama wa sokoni wakitoa kwa furaha kile walicho nacho. Lakini nimeona pia bajeti za parokia ambamo mnara wa kengele una mamilioni, na katekista wa kigango cha mbali anapewa posho isiyotosha kununua hata tairi la baiskeli. Nimeona watoto wakijiandaa kwa Komunyo ya kwanza wakifundishwa na mtu aliyeokotwa dakika za mwisho kwa kuwa aliyekuwapo amekwenda kutafuta riziki. Nimeona parokia zikigawanyika kwa ukabila na kwa vyeo vya halmashauri, na jumuiya ndogondogo zikigeuka mahali pa kukusanyia bahasha za michango.

Babu yangu alifundisha katika kigango cha miti na nyasi. Kigango hicho kilianguka zamani, na mchwa hawakubakiza hata nguzo. Lakini watu aliowafundisha walifundisha watoto wao, na watoto wao wakafundisha wengine. Kwa kipimo cha Karthago, babu alijenga kitu imara kuliko Damous el Karita.

Ninawaomba ndugu zangu walioko kwenye halmashauri za walei na kamati za fedha: kabla hamjapitisha bajeti ya mwaka huu ya ujenzi, andikeni kwanza mshahara wa katekista, gharama za semina zake, vitabu vyake na usafiri wake, kisha ndipo mhesabu mabati. Wazazi, msimwachie katekista kazi ya kuwafundisha watoto kusali kwa lugha wanayoielewa, maana kazi hiyo huanzia nyumbani. Na wewe kijana uliyesoma na unayeona kazi ya katekista ni ya wazee waliokosa shule, kumbuka kwamba Saturus alikuwa katekista na Atiman alikuwa daktari. Kanisa la Afrika limeshawahi kufa mara moja, likiwa na majengo yake yote. La pili limekabidhiwa kwetu, nasi ndio tutakaoulizwa habari zake.